Paa lilitosha, laini haikutosha: sola ya kilowati 100 mwishoni mwa waya

Ushirika, shule au kiwanda cha kijijini kikiniuliza kianzie wapi kabla ya kufunga sola ya kuunganishwa na gridi, jibu langu ni moja: pimeni volti za laini yenu Jumapili saa saba mchana, mashine zikiwa zimelala. Wakandarasi waliotuletea bei hawakuwa na kipimo hicho kwenye makabrasha yao. Kila mmoja alipanda juu ya paa, akalipima, akasifu jua letu, akaandika idadi ya paneli. Kukosekana kwa kipimo hicho kumetugharimu fedha nyingi, na kwa muda mrefu kulituharibia ujirani.

Mimi ni meneja wa ghala la kupakia parachichi la ushirika wa wakulima mkoani Njombe. Tuna vyumba vya baridi, mashine ya kupanga matunda na pampu za maji. Kilichotusukuma kwenye sola ni bili. Msimu wa mavuno chumba cha baridi hakizimwi, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiwaeleza wanachama kwa nini fedha ya matunda imeishia kwenye umeme. Jua tunalo, tena la huku ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu paneli hupenda ubaridi: joto lake likipanda nyuzi moja, hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake. Mchana wa Julai, anga jeupe na upepo wa kukata masikio, paneli za Njombe hufanya kazi vizuri sana.

Mkandarasi tuliyemchagua alipendekeza kilowati 100, inveta mbili (mashine zinazogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) za kilowati 50 kila moja. Paa lilitosha. Bei ilikaribia shilingi milioni 230. Benki ilitoa sehemu kubwa, na iliyobaki wanachama waliichanga kwa makato ya kila kilo waliyoleta ghalani. Nalitaja hili kwa sababu fedha ya makato ina sura za watu. Naijua ya mama mjane mwenye miti thelathini, naijua ya kijana aliyeahirisha kuezeka nyumba. Mambo yalipoharibika, hizo ndizo sura nilizoziona usiku.

Siku za kazi za mwanzo zilikuwa njema. Vyumba vya baridi vilikula karibu kila kilichozalishwa, mita ikapunguza mwendo, wanachama wakaja kuangalia inveta kana kwamba wamekuja kumwona mtoto mchanga. Jumapili ya kwanza, ghala likiwa limefungwa na jua la wazi kabisa, inveta zote mbili zilizima saa nne na nusu asubuhi. Baada ya dakika chache zikawaka, zikapanda taratibu, zikazima tena. Ikawa hivyo hadi alasiri. Nilipofungua grafu ya uzalishaji kwenye simu niliona meno ya msumeno. Ujumbe ulikuwa mfupi: volti za gridi zimezidi.

Nilimpigia fundi wa mkandarasi. Akanituliza, akasema ni jambo dogo, atalirekebisha kwa mbali kupitia intaneti. Kweli, Jumapili iliyofuata hazikuzima. Nikashukuru, nikaendelea na kazi zangu.

Jumatatu asubuhi mama mwenye saluni, nyumba ya tatu kutoka kwetu kwenye laini ileile, alikuja na televisheni kichwani. Hakupiga kelele. Aliiweka chini mbele ya ofisi akasema, "Kamwene, meneja. Jana mchana taa zangu ziliwaka sana, halafu hii ikatoa moshi." Nyuma yake walikuja wengine: friji, king'amuzi, balbu kwa mafungu. Nilipoipigia simu ofisi ya mkandarasi na kuuliza kwa ukali, ndipo nilipoambiwa kwamba fundi alikuwa amepandisha kikomo cha inveta. Mwanzo kilikuwa volti 253, yaani asilimia 10 juu ya volti 230 za kawaida. Yeye akakipeleka 265. Inveta zilikuwa zikijizima kwa sababu ya msingi kabisa, kuwalinda watu walio kwenye laini, naye akazifunga mdomo.

Hapo pana jambo la kuandikwa kwenye mkataba kabla ya kusaini. Nywila ya mipangilio ya inveta ishikwe na mwenye mtambo, na kikomo cha volti kisiguswe bila barua na bila shirika la umeme kujua. Mkandarasi akikwambia "tutaongeza kidogo tu", mwonyeshe mlango. Sisi tulirudisha 253 siku ileile, na ushirika ukalipa vyombo vilivyoungua. Mkandarasi alichangia baadaye, baada ya barua nyingi.

Aliyenieleza kilichokuwa kinatokea hasa alikuwa fundi mstaafu aliyewahi kufanya kazi kwenye mtambo mdogo wa maji, mgeni wa mwanachama wetu mmoja. Nyanda za Juu Kusini si wageni wa mitambo midogo: mtambo wa Mwenga kule Mufindi unatoa megawati 4 kwa maji, na TANWAT, kampuni ya mashamba ya miti hapa Njombe, ilizalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya miti kwa miaka mingi. Mzee huyu aliomba karatasi, akachora nguzo.

Umeme huenda kutoka penye volti nyingi kuelekea penye volti chache. Miaka yote umetoka juu kuja chini: mitambo mikubwa ya maji kama Kidatu yenye megawati 204, Kihansi yenye 180, Mtera yenye 80, ukapita kwenye nyaya za msongo mkubwa, ukashuka hadi kilovolti 33, ukafika kwenye transfoma ya kijiji, ukagawanywa majumbani. Kila hatua volti hupungua kidogo njiani, na walioweka transfoma walijua hivyo. Kwa kuwa sisi tuko mwishoni mwa laini ndefu, transfoma yetu ilikuwa imewekwa kwenye tapu (swichi ya ndani ya kuchagua volti zinazotoka) ya kuongeza volti, ili jioni watu wanapowasha kila kitu bado wabaki na umeme wa kutumia. Ilikuwa sahihi kwa kijiji kisichozalisha.

Sasa weka sola mwishoni mwa waya. Ili inveta isukume umeme kurudi kwenye transfoma, lazima volti zake zizidi zile za transfoma. Waya ukiwa mfupi na mnene, ziada inayohitajika ni ndogo. Ukiwa mrefu na mwembamba, ziada hiyo ni kubwa, na kila nyumba iliyo njiani hupata sehemu yake, iliyo karibu na sola ikipata zaidi. Saluni ya yule mama ilikuwa karibu na sisi kuliko transfoma.

Hesabu yenyewe mzee aliifanya kwa kalamu, nami naiweka hapa kwa sababu mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaiweza. Kila kilowati 10 za fezi tatu ni karibu ampea 14.4 kwenye kila waya. Jumapili ghala lilikuwa likitumia kilowati 10 tu, kwa hiyo kilowati 90 zilikuwa zinatoka nje: ampea 130. Kutoka ghalani hadi transfoma ni mita 400, nyaya za alumini za milimita za mraba 100, karibu omu 0.3 kwa kilomita. Ukinzani wa njia nzima ni omu 0.12. Zidisha 130 kwa 0.12 upate karibu volti 16. Jumapili mchana, sola ikiwa imezimwa, tulipima volti 242 kwenye transfoma. Jumlisha: 258. Kikomo ni 253. Hakukuwa na fumbo lolote, na hesabu yote iliisha kabla chai haijapoa. Nilikaa kimya nikifikiria milioni 230.

Kanuni ya Ujerumani ya kuunganisha mitambo kwenye laini za volti ndogo, VDE-AR-N 4105, inataka mitambo yote iliyo kwenye laini moja isipandishe volti zaidi ya asilimia 3. Kwa volti 230 hiyo ni kama volti 7. Wajerumani wamefunga sola nyingi mno kwenye mapaa, nao walijifunza kwa kuumia. Mimi sasa natumia asilimia 3 kama kipimo cha kwanza cha kuangalia pendekezo lolote la mkandarasi. Sisi tulikuwa karibu asilimia 7.

Lililofuata ni miezi ya kutafuta dawa, na kila dawa ilikuwa na gharama yake.

Ya kwanza ilikuwa tapu. Transfoma nyingi za kijijini zina hatua tano, kila hatua asilimia 2.5, na lazima umeme uzimwe ndipo ziguswe. Kazi hiyo ni ya shirika la umeme peke yake, usimruhusu fundi wa mtaani. Tuliandika barua, ofisi ya wilaya ikaleta watu, wakashusha hatua moja. Mchana volti zilishuka kama sita na inveta zikatulia. Nililala vizuri siku chache. Kisha jioni zikaja malalamiko mapya. Saa mbili usiku, kijiji kizima kikiwa kimewasha, nyumba za mwisho zilikuwa zikipata volti 198 kabla ya kushusha tapu. Sasa zilipata 192. Friji zilinguruma bila kugandisha, na mzee wa mashine ya kusaga alinijia mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "mchana unatuunguza, usiku unatukausha. Tufanye nini?" Sikuwa na jibu. Niliomba tapu irudishwe, na ilirudishwa.

Hapa ndipo shida yenyewe ilipo, na ningependa wanaopanga sola vijijini wakae nayo. Laini ileile ina mahitaji mawili yanayopingana ndani ya saa kumi na mbili. Mchana inataka kushushwa, usiku inataka kupandishwa, na tapu ya transfoma ya kijiji hukaa pale ilipowekwa mwaka mzima. Vituo vikubwa vina vifaa vya kubadilisha tapu vyenyewe umeme ukiwa unapita. Kijijini havipo. Kwa hiyo nafasi uliyo nayo ya kupandisha volti ni ile iliyobaki kati ya volti za mchana mtupu na kikomo cha inveta. Kwetu ilikuwa volti 11, sawa na kama kilowati 63. Hicho ndicho kiasi laini yetu ingeweza kupokea, hata paa liwe kubwa kiasi gani.

Dawa ya pili aliipendekeza yule mzee, kutokana na kazi yake ya zamani. Kwenye mtambo wa maji, usiku laini ikiwa tupu na volti zikipanda, walikuwa wakipunguza usumaku wa jenereta ili ivute umeme wa riaktivu, yaani ule unaokwenda na kurudi kwenye nyaya bila kufanya kazi, na volti zikashuka. Inveta za kisasa zinaweza jambo hilohilo: unaziwekea pawa fakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na umeme wote unaopita) ya 0.95 upande wa kuvuta. Tulipata nafuu ya volti nne au tano, kwa sababu nyaya zetu ni zile zilizo wazi, zilizoachana nguzoni. Mwenye kebo iliyosokotwa pamoja asitegemee mengi, huko njia hii husaidia kidogo sana. Tena mwangalie bili. Mteja anayelipia mahitaji ya juu kwa kVA, kipimo kinachojumuisha umeme wote unaopita, ataona umeme wa riaktivu ukihesabiwa, na ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Ya tatu haikuwa na bei kubwa, na ningeifanya mapema kuliko zote: kuhamisha kazi kwenda mchana. Pampu ya kujaza matangi ilikuwa ikifanya kazi alfajiri kwa mazoea tu. Tuliipeleka saa tano. Vyumba vya baridi tukavipoza zaidi kati ya saa nne na saa tisa, kwa kiwango ambacho matunda yanaruhusu, vipumzike jioni. Kuosha kreti kukahamia mchana. Kila kilowati inayotumika ghalani ni kilowati isiyopita kwenye nyaya za majirani, na jioni tukawa tumewapunguzia mzigo. Malalamiko ya pande zote mbili yalipungua kabla hatujanunua kitu. Kilichobaki ni Jumapili na miezi isiyo na mavuno.

Kwa Jumapili tulizipanga inveta zipunguze nguvu kidogokidogo kuanzia volti 248, badala ya kungoja 253 na kuzima kwa kishindo. Mipangilio hiyo imo kwenye inveta nyingi za leo. Umeme unapotea, inauma kuuona kwenye grafu, lakini taa za majirani zinatulia. Kuzima ghafla kulikuwa na ubaya wake: mtambo ukiondoka, volti zinaanguka 16 kwa mkupuo, ukirudi zinapanda tena, na vyombo vya ndani havipendi mtikisiko huo hata kama haviungui.

Halafu tukapima kwenye vituo vya inveta zenyewe. Kebo ya kutoka paani hadi kwenye bodi ilikuwa nyembamba, nayo iliongeza volti tatu zake. Inveta inajipima yenyewe, haijui bodi yako inasomaje. Kebo hiyo tuliibadilisha kwa fedha kidogo, na volti tatu kwenye nafasi ya 11 si haba.

Mkutano mkuu wa mwaka ule ulikuwa mgumu. Nilisimama na karatasi ya hesabu, nikaichora kwenye ubao kama nilivyochorewa. Wanachama walisikiliza. Mzee mmoja akauliza kwa nini tuliambiwa kilowati 100 ikiwa laini inabeba 63, na swali hilo lilikuwa la haki. Nikasema hakuna aliyetupimia laini, wote walitupimia paa. Kulikuwa na hasira, na mama mjane wa miti thelathini alilia. Lakini waliamua kuendelea, na kura ilikwenda kwenye kuomba transfoma yetu wenyewe.

Hiyo ndiyo iliyomaliza tatizo. Nyaya za kilovolti 33 zilisogezwa hadi uzio wetu, na transfoma ya pekee ikawekwa hapo. Ilitugharimu zaidi ya milioni 40. Sababu ya kufanya kazi ni hii: kilowati 100 kwenye volti 400 ni ampea 144, lakini kwenye kilovolti 33 haifiki ampea 2. Mkondo mdogo kiasi hicho hauwezi kupandisha volti za kuonekana kwenye mita 400. Majirani wakabaki na transfoma yao na tapu yao ya kuwafaa jioni, sisi tukachagua tapu ya kutufaa mchana. Jumapili sasa tunasoma kati ya 240 na 245, inveta zote mbili zikiwa kazini. Kama ile milioni 40 ingekuwa kwenye bajeti tangu mwanzo, tungefunga kilowati 80 na transfoma, na kusingekuwa na televisheni iliyoungua.

Anayetaka kufanya kama sisi, haya ndiyo ninayoyasisitiza zaidi. Azima au kodi kifaa cha kurekodi volti, kikae wiki nzima kwenye fezi zote tatu, Jumapili ikiwemo, na katika mwezi ambao kazi ni chache. Mwambie mkandarasi aandike kwenye pendekezo lake volti zitapanda ngapi, kwa hesabu inayoonekana. Uliza transfoma iko kwenye tapu ya ngapi. Na kwa wenye nyumba: inveta ya fezi moja ya kilowati 5 hupandisha volti za fezi yake karibu mara sita ya ile ya fezi tatu yenye ukubwa huohuo, kwa kuwa mkondo wote unapita waya mmoja na kurudi kwenye nyutro. Majirani watatu wakifunga zote kwenye fezi moja, fezi hiyo itaunguza vitu huku nyingine zikiwa salama, na hakuna atakayejua ni kwa nini. Kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, za mwaka 2018 zinamruhusu mteja kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa, na ni jambo jema. Ombi hilo lifike kwenye shirika la umeme kabla ya paneli kununuliwa, ili laini iangaliwe na wenye nayo.

Mzee wa mashine ya kusaga amekuja tena mwezi huu. Mwanawe aliye Dar es Salaam amemwahidi sola ya kilowati 20. Yeye bado yuko kwenye transfoma ya kijiji, mita 600 kwa kebo iliyosokotwa ya milimita za mraba 50. Tulikaa kwenye benchi la nje tukapiga hesabu pamoja: ampea 29, omu 0.64 kwa kilomita, karibu volti 11 mashine ikiwa imelala. Nafasi yote ya laini ingekwisha kwake peke yake, na mama wa saluni naye anataka paneli zake. Akauliza kama nafasi hiyo ni ya anayewahi. Hakuna kanuni ya kijiji inayojibu swali hilo, na mimi sikutaka kumjibu kwa haraka. Tumekubaliana aanze na kilowati 8, asage mchana badala ya jioni, na barua ya maombi aiandike pamoja na mama wa saluni, majina yao wawili kwenye karatasi moja. Kifaa cha kurekodi nimemwazima, kiko kwake hadi Jumatatu.